Mtamba Mmoja Bado

Jumamosi asubuhi, Naipanoi akiwa bado anakaanga maandazi ya chai, mwenye nyumba alibisha hodi na tepu ya fundi mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Aliomba radhi, akauliza hali ya watoto, kisha akaupima ukuta wa mbele kuanzia mlangoni hadi dirishani, wapangaji wake wamesimama wanamtazama. Mwaka ule wa 2005 Kaloleni nzima ilikuwa inatobolewa milango. Vyumba vya kulala vilikuwa vinageuzwa fremu za kuuzia simu na vocha.

"Baba Princess, tusikosane," alisema huku akikunja tepu yake. "Vijana wangu ndio wananisukuma. Wanasema chumba cha kulala hakilipi, siku hizi biashara huria. Nawapa mpaka Desemba. Tena nyinyi nimewaambia wa kwanza, kwa heshima."

"Tunashukuru, mzee," Nathanaeli alijibu, ingawa mwenyewe hakujua anashukuru nini.

Mzee alipoondoka, Naipanoi aliepua karai, akapangusa mikono kwenye kanga. "Umeshukuru," alimwambia mumewe. "Ungemkaribisha na andazi kabisa."

Nathanaeli alikuwa Mmachame, msimamizi wa stoo katika shamba moja la maua kule Usa River, mtu wa kuhesabu ndoo na mikasi na kuandika kila kinachoingia na kutoka. Mkewe alikuwa Mwarusha wa magharibi ya mlima Meru, na aliuza mitumba ya watoto soko la Kilombero. Walikuwa na watoto wawili, Princess wa miaka kumi na mitatu na Abdiel wa sita, na huko Moshono walikuwa na nyumba iliyofika lenta ikakwama. Haikuwa na paa, wala milango, na mbuzi wa majirani walikuwa wameshaizoea kuliko wenyewe. Benki moja mjini ilikuwa imeanza kuwakopesha waajiriwa pesa za kumalizia nyumba, na Nathanaeli alikuwa akisema "mwezi ujao" tangu mwaka uliopita. Tepu ya mzee ilimtoa usingizini.

Jumapili baada ya ibada walitandaza karatasi kitandani. Kulikuwa na hati ya kiwanja, barua ya mwajiri, karatasi za mishahara, picha ndogo ambamo Nathanaeli ametoka kama mtu anayetafutwa na polisi, na ramani ya nyumba iliyokunjwakunjwa mpaka choo kimeangukia sebuleni. Naipanoi aliweka mkaa kwenye pasi, akafunika ramani na kitambaa, akaipiga pasi polepole. Princess alicheka mpaka akakaa chini.

"Cheka tu," mama yake alisema. "Chumba chako ndicho kilikuwa na mikunjo mingi."

Walifurahi siku ile. Mtu aliyepanga chumba kimoja na nusu kwa miaka mingi akiona karatasi zake zote zimenyooka, hujiona kama amekwishahamia.

*

Benki walipokelewa na ofisa wa mikopo aliyeitwa Irine, binti mpole aliyevaa koti kubwa kuliko mabega yake. Aliwaamkia shikamoo wote wawili, akazipitia karatasi moja moja, na kila moja ilipopita Nathanaeli alijinyoosha kidogo kwenye kiti.

"Umeoa, baba?"

"Nimeoa. Huyu hapa."

"Sawa. Naomba cheti cha ndoa."

Nathanaeli alimtazama mkewe. Naipanoi akatazama mkoba wake.

"Sisi ndoa yetu ni ya kimila," Nathanaeli alisema kwa sauti ya chini. "Wazee walikaa, mahari ikatolewa. Kanisani hatujafika bado."

"Ina maana mnaishi tu?"

Irine hakuuliza kwa ubaya, lakini sauti yake ilifika kwenye benchi la nyuma, na mwanaume mmoja aliyekuwa anasoma gazeti akalishusha ili asikie vizuri. Naipanoi alihisi masikio yanamchoma. Kanisani kwao alishazoea kubaki kwenye benchi wenzake wakienda mezani pa Bwana, maana ndoa isiyobarikiwa haimfikishi mtu pale. Hakutegemea kwamba hata benki ina meza yake.

"Sheria ya ardhi ya sasa," Irine aliendelea, sauti ameishusha, "inasema nyumba ya familia haiwekwi rehani bila mke kutoa idhini. Na mke lazima tumjue ni nani. Kama hakuna cheti, mlete barua ya wazazi wa mama kwamba ndoa ipo, iwe na muhuri wa mtendaji wa kijiji, pamoja na kiapo cha wakili. Mafaili ya awamu hii yanaondoka Ijumaa ya wiki ijayo. Mkichelewa, ni mpaka mwakani."

"Hakuna njia nyingine?" Nathanaeli aliuliza.

Irine alisita. "Wapo wanaoleta barua ya serikali ya mtaa kwamba hawajaoa. Hapo idhini haihitajiki. Ni kazi ya siku moja." Kisha akamwona Naipanoi, akaongeza haraka, "Mimi sikushauri, mama. Ameuliza."

*

Walitembea mpaka wakaupita uwanja wa mpira. Huko ndiko Nathanaeli alikojaribu bahati yake.

"Ni karatasi tu, mama Princess. Karatasi haijui mimi nalala wapi."

"Haijui, ndiyo maana itaamini utakachoiandikia."

"Tunaandika leo, tunahamia Desemba, mambo yamekwisha. Nani atakuja kuifungua tena?"

Naipanoi alisimama katikati ya njia, hata mwenye mkokoteni akalazimika kumzunguka. "Kiwanja kile nilikinunua mimi kwa pesa ya upatu. Nimeuza suruali za watoto wa Wazungu mpaka nikakipata. Hati ikatoka kwa jina lako kwa sababu wiki ile nilikuwa wodini na Abdiel. Nikanyamaza. Sasa unataka niingie kwenye nyumba ile nikiwa nani? Mpangaji? Mgeni wako?" Sauti yake ilitetemeka na hakuificha. "Naogopa, baba Princess. Lolote likikupata, ndugu zako watanikuta na karatasi yenye saini yako kwamba hukuwahi kuwa na mke. Nitawaambia nini? Kwamba ni karatasi tu?"

Nathanaeli aliona aibu. Alikuwa amefikiria mabati, milango, dirisha la aluminiamu. Mkewe hakuwa amemfikiria. Ni kweli alimpenda mkewe, lakini kupenda na kukumbuka havitembei pamoja siku zote.

"Basi tutapita njia ndefu," alisema.

Kesho yake alikwenda kwa wakili Reginald, ambaye ofisi yake ilikuwa juu ya duka la vipuri kule Levolosi. Wakili aliichapa barua ya wazazi kwa mashine, na barua ilikuwa tamu kusoma. Ilisema kwamba Mzee Loishiye anakiri kumwoza binti yake kwa Nathanaeli, na kwamba mahari yote imelipwa kikamilifu na hakuna kinachodaiwa.

Hapo kwenye "hakuna kinachodaiwa" Nathanaeli alikuna kichwa. Kulikuwa na mtamba mmoja. Ng'ombe wengine walikwenda mwaka ule wa 1991, na blanketi, na asali, na kondoo wa mama mkwe. Mtamba mmoja alibaki, na kila alipomtaja, baba mkwe alimwambia, "Usiwe na haraka." Nathanaeli alidhani mzee anamwonea huruma. Basi bila kumwambia mkewe aliomba kazini mshahara wa mbele, akatia kwenye bahasha pesa za mtamba mzuri, tena wa kisasa. Alikosea, na alikosea kwa nia njema, na makosa ya namna hiyo ndiyo mwenye nayo huyabeba kifua mbele.

*

Jumapili walipanda kwa wakwe, juu ya Ngaramtoni, wote wanne. Mzee Loishiye aliwapokea nje ya nyumba, amevaa koti la sufi ambalo Naipanoi alimchagulia kwenye marobota yake, limefungwa vifungo vyote pamoja na cha shingoni. Watoto waliinamisha vichwa, akawagusa utosini mmoja mmoja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe wangu. Mmefika. Mmekuja na jua, sisi tulikuwa tunataka mvua."

Walikula kwanza loshoro, mahindi yaliyopikwa na maziwa ya mgando, kwa kuwa pale hakuna shughuli inayotangulia chakula. Mama mkwe, Silantoi, hakukaa nao. Tangu siku ya kondoo wa mahari yeye na Nathanaeli waliitana Paker, kwa ajili ya kondoo yule, na kwa heshima ya ukwe alizungumza naye kutoka mlangoni mwa jiko, uso ameuelekeza kando.

Walipomaliza, Nathanaeli alieleza habari za benki na akaisoma barua. Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika kila lilipotajwa jina lake, akawa ameshatayarisha dole gumba, maana kuandika hakujifunza.

"Rudia hapo mwisho," alisema ghafla.

"Mahari yote imelipwa kikamilifu na hakuna kinachodaiwa."

"Yote?"

"Ndiyo, baba. Na kuhusu yule mtamba, nimekuja naye." Nathanaeli alitoa bahasha, akaiweka kwenye stuli kwa mikono miwili, akitegemea kushukuriwa.

Mzee Loishiye hakuigusa. Uso ulimbadilika, hata Abdiel akaacha kucheza na kikombe.

"Nathanaeli, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, baba."

"Mvua zilipokosekana ng'ombe wangu wakafa, nilikuja Kaloleni kukudai?"

"Hapana, baba."

"Binti yangu alipojifungua, nilisema kwanza lete mtamba?"

"Hukusema."

"Sasa ni nani amekwambia kwamba mimi nataka kumaliza na wewe?"

Akainuka, akachukua fimbo yake, akaenda zizini. Bahasha ilibaki pale kwenye stuli, na Nathanaeli alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Paker," Silantoi alisema kutoka mlangoni mwa jiko, akitazama migomba. "Umemuumiza mzee."

"Nimemlipa, mama! Nimemuumizaje?"

"Huku kwetu mkwe halipi akamaliza. Mtamba yule ndiye njia yako ya kuja hapa. Akishaingia zizini, utakuja kufanya nini tena? Kusalimia kila mtu anasalimia. Baba yangu mimi mpaka anakufa alikuwa anamdai huyu mzee ndama, na siku ya kuzika huyu ndiye aliyeshika jembe wa kwanza. Alijua ana la kufanya pale. Wewe umemletea bahasha, amesikia kama unamwambia kwaheri."

Nathanaeli alimgeukia mkewe. "Na wewe ulikuwa unalijua hili?"

"Najua tangu naota meno."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniambia una bahasha?" Naipanoi alikuwa na hasira na kicheko kwa pamoja, na hakujua aanze na kipi. "Umekwenda kuazima pesa, umepanda nazo mlima, mimi nakaa kando yako nadhani umebeba sukari!"

"Hata kwetu Machame vitu vya mahari hubaki," Nathanaeli alinung'unika. "Nimesahau. Mjini tumezoea risiti."

"Kaa hapo na risiti zako," Naipanoi alisema, akajifunga kanga vizuri na kumfuata baba yake zizini.

Mzee alikuwa anamkuna fahali shingoni, mgongo ameuelekeza nyumbani. Hakugeuka.

"Baba, hakuja kukufukuza. Ni mjinga tu."

"Mjinga hana bahasha nene namna ile."

"Baba, nisikilize mimi sasa, mwache yeye." Naipanoi alishika mti wa zizi. "Kule benki wameniuliza kama mimi ni mke wa mtu. Mbele ya watu. Nikakosa cha kuonyesha. Nimezaa, nimejenga, na sikuwa na cha kuonyesha. Kama huna neno la kuwaambia, wataandika kwamba hana mke."

Hapo mzee aligeuka. "Nani ataandika hivyo?"

"Watu wa benki."

"Walikuwepo? Mimi nilipokunyunyizia maziwa na kukubariki pale mlangoni, wao walikuwa wapi?" Alipiga fimbo chini. "Mimi nilikutoa mchana, watu wakila nyama yangu!"

"Basi waambie hayo."

Alirudi nyumbani mbele ya binti yake, akitembea kwa kasi zaidi kuliko alivyokwenda. Barua ya wakili aliisukuma pembeni kwa ncha ya fimbo, kwa adabu lakini aliisukuma. "Mkwe, chukua karatasi safi. Andika ninavyosema. Usiongeze, usipunguze."

Kazi hiyo Nathanaeli aliiweza, maana maisha yake yote alikuwa akiandika vilivyopokelewa na ambavyo havijafika. Princess akachana karatasi katika daftari lake la shule, na mzee akasema, akisimama kila baada ya sentensi kuhakikisha kalamu imemfikia:

"Mimi Loishiye nilimtoa binti yangu Naipanoi kwa Nathanaeli, mbele ya wazee wa kwetu na wa Machame. Nilipokea ng'ombe, blanketi na asali. Mama yake alipokea kondoo. Mtamba mmoja bado, na mimi sina haraka naye. Naipanoi ni mke. Anayebisha aje nyumbani kwangu."

"La mwisho hilo nalo niandike, baba?"

"Hilo ndilo liandike vizuri."

Akaweka dole gumba, akalibonyeza kwa nguvu zake zote. Bahasha akamrudishia Nathanaeli kifuani. "Kanunue bati. Na Krismasi usipokuja, nitakuja mwenyewe kuuliza mtamba wangu yuko wapi." Sasa alikuwa anacheka, na Silantoi kule jikoni akashusha pumzi, akatia kuni.

Jumatatu mtendaji wa kijiji aliisoma barua yote bila kushangaa neno hata moja, akagonga muhuri.

*

Alhamisi walirudi benki. Wakili Reginald alikuwepo kwa ajili ya kiapo na fomu ya idhini, na Irine aliisoma karatasi ya daftari mara mbili.

"'Mtamba mmoja bado,'" alisema. "Kwa hiyo hamjamaliza?"

"Hatumalizi," Nathanaeli alijibu, na safari hii hakushusha sauti. Benchi la nyuma lilikuwa limejaa, wakasikia wote.

Irine alimtazama wakili. Reginald hakuwa amefurahi kuona barua yake nzuri imeachwa, lakini sheria aliijua. "Mahari kubaki hakuvunji ndoa," alisema. "Sheria ya ndoa inasema hivyo tangu mwaka sabini na moja. Weka kwenye faili."

Irine akatoboa karatasi, akaitia kwenye faili nyuma ya hati ya kiwanja. Kisha akatoa fomu ya mwisho. Nathanaeli, ambaye mafanikio yalikuwa yameshampanda kichwani, alichukua kalamu mezani na kumwekea mkewe mkononi. "Hapo chini," alimwonyesha. "Saini hapo, twende, nimewaahidi kazini nitawahi."

"Subiri," wakili alisema. "Hili ni langu na mama." Akamgeukia Naipanoi na kumsomea fomu taratibu. Ilisema kwamba nyumba ya Moshono itawekwa rehani, na deni lisipolipwa benki inaweza kuiuza. "Mama, wewe ni mke, na sheria inataka nikuulize wewe, siyo yeye. Una haki ya kukataa. Ukikataa, mkopo hautoki, na hakuna wa kukulazimisha. Je, unakubali kwa hiari yako?"

Naipanoi aliitazama kalamu. Wote walikuwa wanamsubiri yeye. Mumewe, wakili, ofisa wa benki, nyumba isiyo na paa na mzee mwenye tepu kule Kaloleni, wote walikuwa wanangoja mkono wake, na jambo hilo lilikuwa halijamtokea maishani. Alilionja kidogo. Halafu akaiweka kalamu mezani.

Nathanaeli akamsogezea kalamu tena. "Mama Princess, kuna nini?"

"Wakili," Naipanoi alisema, "mtu anakubali jambo ambalo hajaombwa?"

"Kwa kawaida anaombwa kwanza."

"Basi mimi sijaombwa. Ameomba kazini kwake, amemwomba huyu binti, amekuomba wewe, amemwomba baba yangu na mtendaji. Mimi nimepewa kalamu."

Irine aliinamia faili lake akajifanya anatafuta pini. Nathanaeli alifungua mdomo kujitetea, akapitisha siku zote zile moja moja kichwani. Ilikuwa kweli tupu. Wala siyo siku zile tu. Hata mwaka ule wa kuoana, walioombwa walikuwa wazee.

Akageuza kiti, akamkabili mkewe, magoti yao yakagusana.

"Mama Princess..."

"Nina jina. Limeandikwa hapo kwenye fomu."

"Naipanoi." Jina lilimtoka kwa shida, kwa kuwa hakuwa amelitamka tangu Princess azaliwe. "Nataka tumalize ile nyumba, na nataka iwe yako kama ilivyo yangu. Naomba unikubalie."

Naipanoi alimtazama muda kidogo, akimwacha angoje. Alikuwa na furaha mpaka akaogopa kwamba itaonekana, kisha akaona acha ionekane.

"Nimekubali," alisema, akachukua kalamu, akasaini mahali pa mke.